Nilivyounda rulo ya injini katika garaji yangu Lubumbashi

Rulo yangu, mashine ya silinda nzito ya kusawazisha ardhi, ilitembea juu ya gazoni, uwanja wetu wa majani, kwa mara ya kwanza Jumamosi moja jioni, watoto wakiifuata nyuma kama wanavyofuata gari la harusi. Kwa miezi minne kabla ya siku hiyo, kila aliyepita getini alinipa neno lile lile: ongeza uzito. Wengine walilisema kwa sauti ya kuamrisha, na wala hawakuwahi kusukuma rulo maishani mwao. Uzito haukuwa shida yangu hata siku moja. Shida ilikuwa mwendo.

Tunakaa Kampemba, komini ya hapa Lubumbashi. Nyuma ya nyumba kuna gazoni ya meta 18 kwa 30, kwenye udongo mwekundu. Zamani palikuwa na kichuguu kikubwa, marehemu baba akakibomoa na kukifyatulia tofali za nyumba hii hii, lakini pale kiliposimama paliendelea kuvimba. Fuko nao wakawa wanasukuma udongo toka chini. Mtoto akipiga mpira wa chini kutoka getini kwenda kwenye mwembe, ulikuwa unaruka mara tatu, mara nne, kisha unapotelea kwenye mihogo.

Nilianza na pipa la lita 200, kwa sababu ndivyo nilivyoshauriwa. Nilisimamisha pipa, nikapitisha bomba katikati liwe ekseli, nikamwaga zege ya mifuko miwili ya saruji na kokoto. Karibu nusu tani. Usiku ule bomba lililala upande, sentimita tatu tu, na asubuhi zege ilikuwa imeshika. Nikafunga injini ya pampu ya maji, puli ndogo juu, puli kubwa kwenye pipa, mkanda katikati. Nilipowasha, mkanda ulilia na kutoa moshi. Nikaukaza. Pipa likapanda taratibu mpaka ekseli iliyolala upande ikafika juu, likasita pale, halafu likajirusha mbele na kunivuta mikono. Likasita tena, likajirusha tena. Nilipolizima na kugeuka nyuma, gazoni ilikuwa na mashimo yaliyopangana, moja kila baada ya meta moja na sentimita 80, yaani mzunguko mmoja wa pipa. Jirani aliyekuwa anatazama juu ya ukuta akaniambia, “Papa, ongeza uzito.” Niliingia ndani bila kumjibu.

Usiku ule nilichukua daftari la shule la binti yangu nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwanzo. Mtu akitembea polepole nyuma ya mashine anakwenda kilometa 3 kwa saa. Injini ile inazunguka mara 3,000 na zaidi kwa dakika. Silinda ya kipenyo cha sentimita 60 inatakiwa kuzunguka mara 26 au 27 tu. Kwa puli mbili hufiki huko.

Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha njia. “Yaya, pikipiki ina vitesi, yaani gia, ndani yake tayari.” Tukanunua injini ya pikipiki iliyogongwa, nadhani dola 120, sikumbuki vizuri, maana bomba nalo nililipia kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu, na vijiti vya kuchomelea nilinunua kidogo kidogo kwa faranga. Nilitoa buji (plagi) ili injini izunguke bila kubana hewa, nikaweka vitesi ya kwanza, nikachora chaki kwenye injini na kwenye pinyo, ile gia ndogo inayovuta cheni, nikazungusha kwa mkono huku binti yangu akihesabu. Injini mara 10, pinyo mara 1. Kisha cheni kutoka meno 15 kwenda 45, na cheni ya pili vile vile: mara tisa zaidi. Jumla 90. Injini ikizunguka 2,500, silinda inazunguka karibu mara 28. Nilikaa chini kwenye sakafu ya garaji nikaisoma hesabu ile mara tatu kwa furaha.

Silinda ni bomba la chuma la milimita 8, urefu sentimita 90. Tupu lina kama kilo 140, na maji yanaongeza kama 240. Jaza maji mpaka juu kabisa, yakibaki nusu yanapigapiga ndani na kuisukuma mashine ukishasimama. Kingo nilizizungushia nondo nikazichomelea, la sivyo zinakata majani kama panga.

Injini ya pikipiki imezoea upepo wa barabarani. Kwa mwendo wa mguu ilichemka ndani ya robo saa, nikanusa oili inaungua. Nikaifungia feni ya gari na betri, na hapo ikatulia. Kwenye mteremko usishike klachi, kwa sababu vitesi ndiyo breki yako. Mimi nimefunga kamba mkononi inayozima injini nikiiachia mashine. Na ukiijaribu garajini fungua milango yote miwili, moshi ule unaua.

Kile kivimbe cha kichuguu nilikikata kwa jembe kwanza na kupanda majani upya, kwa sababu rulo haiondoi mlima. Halafu nikasubiri. Udongo wetu ukiwa mkavu wa Agosti ni jiwe, na ukiwa umelowa wa Januari unashindiliwa na rulo na kufunga mizizi isipumue. Mimi nachukua udongo kiganjani: ukishikana bila kuacha maji, nawasha. Nageuzia pembeni, nje ya majani, maana silinda nzima ikikata kona inayakwangua.

Jumamosi ile nilipita mara mbili, urefu kisha upana. Kijana wangu akaweka mpira getini, akaupiga chini. Ulikwenda umelala juu ya majani mpaka ukagonga mwembe.