Siku Niliyouza Vitenge Nimefumba Macho

Bahasha ya kaki niliyoingia nayo kwa daktari siku ile ilikuwa imeshachanika pembeni. Ndani kulikuwa na majibu ya malaria, ya taifodi, ya sukari, ya wingi wa damu, ya mkojo, kile kipimo cha moyo cha kubandikwa waya kifuani, na juu ya vyote picha kubwa nyeusi ya kichwa changu iliyopigwa kwa mashine ya CT, ambayo ilikula kipande kizuri cha mtaji wa duka. Ukiacha taifodi, ambayo nilishaitibu nikaitibu tena, karatasi zote zilisema mimi ni mzima. Na mzima huyo alikuwa ameingia mlangoni kwa kushika ukuta.

Ilikuwa mwaka 2022. Nauza vitenge na khanga Kariakoo, na ugonjwa ule wa kizunguzungu ulijua pa kunipatia. Duka langu ni dogo, kitambaa kimepangwa kuanzia sakafuni mpaka darini: mistari, maduara, macho ya tausi, korosho za khanga, rangi juu ya rangi. Mteja akisema "nishushie ile ya kijani, ya tatu kutoka juu," nikiinua macho tu, ukuta mzima unateleza. Hauzunguki. Unateleza kidogo kwenda upande, unarudi, na sakafu inakuwa laini chini ya miguu. Nilijifunza kumpa mteja fimbo ya kushushia nguo ajishushie mwenyewe, nikijifanya namkaribisha ajisikie nyumbani.

Mwanzo wake haukuwa hivyo. Alfajiri moja niligeuka kitandani, upande wa kulia, kuzima simu iliyokuwa inalia. Chumba kikaruka. Neti, dari, dirisha, vyote vikapita mbele yangu kwa kasi, nikashika godoro kwa mikono miwili na kutapika kwenye beseni ambalo mume wangu aliwahi kunisogezea. Baada ya muda mfupi, haifiki hata dakika, kimya. Nikigeuka tena kulia, kinaanza upya. Hali hiyo ilinisumbua kwa wiki kadhaa, halafu ikaondoka yenyewe bila kuaga. Nikashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu kilichokuja nyuma yake hakikuondoka: huku kuelea, asubuhi mpaka usiku, nikikaa kinapungua, nikisimama kinaongezeka, na nikiwa ndani ya mwendokasi nimesimama katikati ya watu kutoka Manzese, nafika Msimbazi nikiwa nimelowa jasho.

Dar es Salaam ukisema una kizunguzungu, kila mtu ana jibu mfukoni. Presha ya kushuka, kunywa soda na chumvi. Damu imepungua, kunywa rosela na maji ya matembele. Ni umri, mwili unabadilika. Minyoo. Miwani. Mama mkubwa kutoka Korogwe hakuzunguka mbuyu, alitaka kujua jirani yangu wa duka ni mtu wa wapi. Kwenye duka la dawa walinipa vidonge vya kizunguzungu ambavyo vilinilaza juu ya marobota saa tano asubuhi huku wateja wakinipita. Aliyenichoma roho ni daktari mmoja, mtu mzima, ambaye alitazama majibu yangu, akayarudisha kwenye bahasha na kusema, "Mama, una mawazo. Nenda kapumzike." Mwenye duka la kupanga, ada za watoto watatu na mzigo wa mkopo, kapumzike wapi?

Mdogo wangu ndiye aliyenikokota kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mimi niliona tunapoteza nauli, masikio yangu yalikuwa mazima, nasikia mpaka wanaonisengenya duka la tatu. Foleni ilikuwa ndefu na feni lilikuwa linazunguka juu ya vichwa vyetu, nikalazimika kuinamisha uso nisilione.

Daktari alikuwa binti, wa kumzaa kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samahani, daktari."

Akacheka. Nikamsogezea bahasha, akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka pembeni ya meza bila kuifungua. Nikaona haya tena. Nikaanza hotuba yangu ninayoijua kwa moyo: nasikia kizunguzungu, kichwa chepesi, naelea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mara ya kwanza kabisa, ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wote walitaka kujua kinafananaje: kinazunguka, kinayumba, kama kuzimia? Na mimi kila mara nilijibu tofauti, kulingana na siku. Nikamweleza habari ya simu ya alfajiri. Akaandika. Kilidumu muda gani? Ukigeuka kushoto je? Kilikoma lini? Cha sasa kinakuja ukifanya nini? Kinatulia ukifanya nini? Masikio yanavuma, yanaziba? Kichwa kinauma upande mmoja, mwanga unakukera? Umewahi kuanguka, kuzimia, kuona vitu viwiliviwili?

"Jioni ukiwa umekaa unahesabu hela za mauzo, kinakuwaje?"

Nikanyamaza. "Hapo sikumbuki kama kinakuwepo."

Akapiga mstari chini ya neno fulani. Baadaye alinieleza kwamba maelezo ya mgonjwa kuhusu kizunguzungu hubadilika sana, leo atasema anazunguka, kesho anaelea, lakini ukimuuliza kinachokianzisha na muda kinaodumu, hapo hababaiki. Kwa hiyo yeye huanzia hapo.

Akanikalisha kitandani, akakigeuza kichwa changu nusu upande wa kulia, akakishika. "Nitakulaza haraka, kichwa kitaning'inia kidogo nje ya kitanda. Hata dunia ikipinduka usifumbe macho, mimi natafuta kitu kwenye macho yako." Nikamwambia siwezi, nitamtapikia. Akasema ameshatapikiwa na wengi. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshika kandambili zangu, akaanza kusoma dua kwa sauti. Nikalazwa. Nikasubiri chumba kiruke.

Hakikuruka. Kulia, kushoto, hakuna kitu. Macho yalitulia.

Ndipo akaniambia kilichonipata alfajiri ile. Ndani ya sikio, mbali kabisa na pale tunapofikisha kijiti cha pamba, kuna vichembe vidogo vya kalisiamu vinavyosaidia mwili kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Wakati mwingine vinabanduka na kuingia kwenye mojawapo ya vijifereji vyenye majimaji vinavyopima mizunguko ya kichwa. Ukigeuka, vinatembea, majimaji yanasukumwa, na ubongo unapewa taarifa kwamba unabingirika wakati umelala kwenye godoro lako. Kipimo alichonifanyia kinaitwa Dix-Hallpike, kimechapishwa tangu 1952. Na tiba yake ni kukigeuza kichwa kwa hatua maalumu mpaka vichembe virudi vinakotakiwa; daktari wa Marekani, John Epley, aliichapisha 1992. Haihitaji kidonge wala sindano. Kitanda na mikono ya mtu anayejua vinatosha, na inachukua dakika chache.

Dakika chache! Nilihisi hasira ikinipanda mpaka kooni. Vya kwangu vilikuwa vimerudi vyenyewe, kama inavyotokea mara nyingi, lakini nilifikiria wiki zile nilizolala nimekaa, mito minne mgongoni, nikinywa dawa ya taifodi.

"Sasa kama vimerudi, hiki kingine kinatoka wapi?"

Hakujibu. Akaleta kipande cha sponji, cha godoro hasa, akakiweka sakafuni. "Panda, mama. Miguu pamoja, fumba macho. Niko hapa nyuma." Nikapanda. Nilianza kuyumba kabla hata sijamaliza kufumba, mikono ikapanuka, vidole vya miguu vikajikunja kutafuta pa kushika. Mdogo wangu akaguna.

"Unauza vitenge, sivyo?"

"Ndiyo," nikasema kwa meno yaliyobana.

"Nina harusi ya dada yangu. Nataka pisi kumi za sare. Nifanyie bei ya jumla."

"Za aina gani?"

"Zile nzito, zisizochuja."

"Hizo elfu ishirini pisi. Kwa kumi nakupa kwa kumi na nane na nusu."

"Kumi na tano."

"Kumi na tano hata mimi sikununulia hapo! Labda uchukue zile nyepesi, nazo ukifua mara mbili bibi harusi atakuwa na sare peke yake. Kumi na nane, jumla laki na themanini, na nakutolea kilemba."

"Laki moja na nusu."

"Daktari, wewe una kazi nzuri, unanionea bure mama mwenzako—"

"Dada," mdogo wangu akasema. "Umesimama."

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimesimama katikati ya lile sponji, mkono mmoja kiunoni, kama ninavyosimama dukani mteja akinichosha. Na hapo hapo, nilipojua nimesimama, nikayumba.

Ukiniuliza nimewahi kupimwa nini maishani, nitakutajia hicho. Mashine ile ya laki kadhaa haikuniambia kitu. Dakika mbili za kupatana bei ziliniambia miguu yangu ilikuwa bado inajua kazi yake.

Binti akakaa tena kwenye kiti chake. Akasema mwili wangu ni kama mlinzi wa usiku aliyevamiwa na wezi mara moja. Wezi wameshaondoka, lakini yeye sasa anapuliza filimbi hata paka akipita ukutani. Tangu alfajiri ile ubongo wangu uliacha kuyaamini masikio, ukaanza kuning'inia kwenye macho, ndiyo maana mahali penye watu wengi wanaotembea, au michoro mingi, panaulemea. Na mimi mwenyewe nikaanza kutembea nimekakamaa, nachunga kila hatua, na kule kuchunga ndiko kunakoendelea kumchochea mlinzi. Nikianza kupatana bei nasahau kuchunga.

"Kwa hiyo ni mawazo," nikasema. Nilikuwa tayari kuondoka.

"Hapana mama. Hofu inaweza kukiongezea nguvu, na nani asingeogopa. Lakini huu ni ugonjwa, una vigezo vyake, hautajwi tu kwa sababu vipimo vingine havikuona kitu. Na majibu yako yametimiza vigezo hivyo vyote."

Jina lake kwa Kiingereza ni persistent postural-perceptual dizziness, madaktari huufupisha PPPD. Ni kizunguzungu kinachokuwepo siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, kikizidi mtu akisimama, akiwa kwenye mwendo, au macho yakiwa na mambo mengi. Vigezo vyenyewe ni vipya, vilitolewa 2017 na Bárány Society, chama cha wataalamu wa mambo haya. Nilikuja kusoma kwamba Robert Bárány, ambaye chama kimepewa jina lake, alitunukiwa Nobel ya tiba ya 1914 kwa utafiti wa kiungo hiki hiki cha sikioni, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita Urusi. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifariji, lakini lilinifariji.

Mwisho kabisa ndipo akafungua bahasha. Picha ya kichwa akainyanyua dirishani. "Nzuri sana. Ila CT haioni vile vichembe, wala haioni hili ulilonalo sasa." Karatasi za taifodi akatikisa kichwa: kipimo kile huangalia askari wa mwili, na mtu aliyeishi huku miaka yote anaweza kuonyesha askari hao bila kuwa mgonjwa leo. Vidonge vya kizunguzungu akasema niviache taratibu, vinaulaza ubongo wakati tunataka uamke ujifunze upya. Akaniandikia kidonge kingine, kwa kipimo kidogo, cha jamii ya dawa za sonona. Nilipouliza, hakunificha, alisema kinatumika pia kwa ugonjwa huu hata kama huna sonona. Nilikaa nacho droo ya kitanda kwa muda kabla sijakubali kukimeza.

Yaliyobaki yalikuwa mazoezi. Dole gumba mbele ya uso, macho hapo hapo, kichwa kulia kushoto. Kutembea huku nikitazama huku na huku. Na vitenge: nianze na kitambaa kimoja cha rangi moja ukutani, nikizoea niweke chenye maua makubwa, halafu madogo, halafu viwili, na kichwa kikiendelea kutikisika.

Jioni Mama mkubwa akapiga simu kuuliza wamenipa sindano gani. Nikamweleza. "Hela zote hizo ukaambiwe utikise kichwa?" Alikata simu kwa huzuni.

Hakikuisha haraka. Kilipungua kidogo kidogo, kikarudi nilipougua mafua, kikapungua tena, na hata sasa nikilala vibaya siku mbili tatu nakisikia kikinisogelea nikiwa kwenye mwendokasi. Lakini fimbo ya kushushia nguo naishika mwenyewe.

Mazoezi nilikuwa nafanyia dukani, saa zile za mchana wateja wanapopungua. Siku moja nimesimama, dole gumba mbele, macho yamekazwa kwenye khanga ya korosho, kichwa kinakwenda kulia kushoto, na nyuma yangu kumbe kaka mmoja ameshaingia na kukamata kitenge.

"Hiki nikupe kumi na tano?"

Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, sikutaka kukatisha. Kichwa kikaendelea.

"Basi kumi na sita."

Kulia, kushoto.

"Dada una roho ngumu. Haya, kumi na nane, tusigombane."

Nikashusha mkono, nikamfungia.