Ukuta wa Maganda ya Chaza

Jana tulikwenda Shajing kuzuru makaburi ya wazee wa mume wangu. Ni msimu wa Qingming, siku za Aprili ambapo Wachina hufagia makaburi, huchoma ubani na kuwaandalia marehemu wao chakula. Ila kaburi la kufagia halipo tena. Kilima kilichukuliwa, mifupa ikahamishiwa kwenye jengo lenye visanduku vilivyopangwa ukutani kama masanduku ya posta. Mama mkwe alikuja na ufagio wake vilevile, akafagia sakafu chini ya kisanduku cha baba yake.

Shajing maana yake ni Kisima cha Mchanga. Iko upande wa magharibi wa Shenzhen, mji mkubwa wa kusini mwa China, karibu na mlango wa Mto Zhujiang, na kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa kufuga chaza. Mama mkwe anasimulia walivyokuwa wakingoja maji yapwe, washuke topeni, warudi jioni kupasua chaza kwa chombo chenye ncha. Kidole gumba chake cha kushoto kina kovu refu, jeupe. Mimi mtu wa Tanga maneno hayo yananiingia, maana bibi zangu nao walihesabu siku kwa bamvua.

Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, Shajing ilikuwa bado nje ya mpaka. Viwanda havikungoja mpaka usogezwe. Maji yakachafuka, bahari ikafukiwa, na wafugaji wakahamisha chaza wao mbali, hadi pwani za Taishan. Mwaka 2004 ardhi yote ya vijiji vya Shenzhen ikawa ya serikali, na wanakijiji wakawa wanahisa wa kampuni za vijiji vyao. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17 katika mji huo.

Sitaki kusema uongo: Mama hatamani kurudi topeni. Familia ilijenga ghorofa saba na kupangisha vijana wa viwandani kutoka Hunan na Sichuan. Nyumba zimebanana hivi kwamba majirani wanaweza kupeana mikono dirisha kwa dirisha, na ndivyo zinavyoitwa, nyumba za kupeana mikono. Kodi hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Kinachoniuma ni kwamba yale anayoyajua Mama, upepo, tope, saa za maji, hakuna anayemuuliza tena. Hata mwanangu anamuuliza nenosiri la intaneti tu.

Mchana tulikula chaza. Wanauzwa kwa jina la Shajing, lakini wanaletwa kwa lori. Mama aligeuza ganda, akapapasa ukingo wake, akasema, "Huyu mgeni," kisha akala kwa raha.

Jioni akatupeleka kwenye uchochoro uliobaki wa mji wa kale. Kuna nyumba ambayo ukuta wake ni maganda ya chaza, maelfu, yamepangwa kwa safu na kushikwa kwa udongo. Nikakumbuka mawe ya matumbawe kwenye magofu ya Tongoni, nikaegemeza kiganja ukutani. Ganda moja lilikuwa limedondoka chini. Mama akachuchumaa, akaliokota, akatafuta tundu lake, akalirudisha na kulikandamiza kwa kile kidole chenye kovu mpaka likashika.