Shujaa mwenye usonji: anza na hisi, uchawi baadaye

Ukiandika hadithi ya majini na mapango kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12, na shujaa wako ana usonji (autism), futa kwanza ile sura ya mwisho ambapo dawa ya mganga inamfanya awe kama wenzake. Msomaji mwenye usonji akifika hapo anaambiwa kwamba alivyo ni laana. Kuugeuza usonji kuwa kipaji cha kichawi nako ni kumwonea: watoto wengi hawana kipaji hicho, na si haki wakidaiwa ndipo wapate nafasi hadithini.

Anza na hisi. Tangu 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, DSM-5, unataja hisi kuwa kali mno au hafifu mno miongoni mwa dalili za usonji. Chora jedwali: sauti, mwanga, mguso, harufu, ladha, njaa na kiu. Mbele ya kila moja andika kali au hafifu, kisha usibadilishe katikati ya kitabu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: tarumbeta inamuumiza, lakini kiu haisikii mpaka kichwa kianze kumgonga. Mpeleke jangwani, na hatari unayo tayari bila kuongeza zimwi.

Pale wengi wanapochemsha ni kwenye mlipuko, yaani mtoto anapozidiwa na hisi hadi ashindwe kujizuia. Tuseme msichana yuko soko la majini. Usianze na kilio. Rudi nyuma kurasa 2 au 3: ngoma, moshi wa ubani, kanzu ngeni inayomkwaruza shingo, njia iliyobadilishwa bila yeye kuambiwa. Sentensi zizidi kufupika. Anajibu kwa kichwa, halafu hajibu kabisa. Ndipo alipuke. Hilo si deko. Hadai kitu, kwa hiyo kumkaripia au kumwahidi peremende hakusaidii. Rafiki mwema anamtoa kwenye kelele, anakaa kando, anasubiri bila maswali. Baadaye mwache achoke kweli. Ukimwinua aya inayofuata akapigane na joka, umeharibu kila ulichojenga. Uchovu huo uhesabu kwenye safari pamoja na maji na chakula.

Kupepea mikono au kurudia maneno aliyoyasikia kusiwe alama ya huzuni peke yake. Mikono hupepea kwa furaha pia, na hilo vitabu hulisahau mno.

Kwenye mazungumzo, mkumbuke Damian Milton, mtafiti wa Uingereza mwenye usonji: mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande zote mbili. Basi wenzake nao wakosee kumsoma, na waombe radhi. Asiyesema kwa mdomo apewe kadi za picha zinazofika hadi vitani. Zikilowa mtoni, hilo ni janga halisi la sura nzima.

Mswada upelekwe kwa wasomaji wenye usonji kabla mchoraji hajashika kalamu. Wakisema tukio la sokoni halijakaa sawa, litaandikwa upya, na picha zilizokwisha kuchorwa zitakuwa hasara. Na walipwe kwa kazi hiyo.