Nilivyohangaikia miezi 36 ya fao la uzazi

Mimi ni keshia wa shule binafsi hapa Mwanza. Kazi yangu ni kupokea ada, kukata risiti na kuvutana na wazazi wanaoahidi "Ijumaa" bila kusema Ijumaa ipi. Hela za watu nazihesabu kutwa nzima. Za kwangu sikuwahi kuzihesabu mpaka Septemba 2024, mimba ikiwa na miezi minne.

Ilianzia kliniki. Tumekaa kwenye benchi tukisubiri kupimwa, dada mmoja anayefanya kazi kiwanda cha samaki akaniuliza kama nimeshaanza kufuatilia fao la uzazi. Nikamwambia mimi niko NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hela yangu ni ya uzeeni. Akacheka mpaka nesi akageuka kututazama. "Mwenzangu, mtoto wangu wa kwanza nimemlea kwa hela hiyo hiyo ya NSSF. Hebu nenda kaulize."

Nilikuwa na miaka mitatu na ushee kazini na sijui hilo. Niliyokuwa nayajua ni ya kusikia tu, kwamba Ulaya ukizaa serikali inakuwekea hela benki. Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo, serikali haimlipi mtu kwa sababu tu amepata mtoto. Kaya maskini zilizoandikishwa TASAF zinapata ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo imefungwa na mtoto kupelekwa kliniki. Wifi yangu kule Sengerema yumo. Sisi wa ajira, chetu kiko kwenye mfuko tunaochangia. Watumishi wa serikali wako PSSSF tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, wengi wetu wa sekta binafsi tuko NSSF.

Kesho yake nikaomba ruhusa nikaenda ofisi ya NSSF. Dada wa kaunta alinielekeza vizuri, na kwa kuwa wengi wananiuliza, nayaandika kama nilivyoyaelewa. Mwanamke mwanachama awe na michango ya miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo, 12 iwe ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya kujifungua. Akitimiza, analipwa asilimia 100 ya wastani wa mapato yake ya siku kwa siku 84: wiki nne za kabla na wiki nane za baada. Akishalipwa, fao lingine la uzazi mpaka ipite miaka mitatu.

Nikapiga hesabu pale pale nimesimama. Nimeanza kazi Aprili 2021. Mpaka Agosti 2024 ni miezi 41. Nikamwambia mimi nimeshapita. Akaniambia, "Ngoja tuangalie, mama."

Akachapa taarifa yangu ya michango. Ilikuwa na miezi 28.

Kwanza nilidhani mashine imekosea. Nikaenda nayo nyumbani, nikatoa bahasha ya kaki ninayowekea slipu za mshahara, nikazipanga kitandani moja moja pembeni ya ile karatasi. Mshahara wangu ni laki sita. Kila slipu imekatwa elfu sitini ya NSSF, hakuna hata mwezi mmoja uliorukwa, na mwajiri alitakiwa aongeze elfu sitini yake, jumla iwe asilimia 20. Kwenye taarifa ya mfuko, Novemba na Desemba 2021 hazipo. Mwaka 2022 hakuna Juni, Julai, Novemba wala Desemba. Mwaka 2023 vile vile. Mwaka 2024 hakuna Juni, Julai na Agosti. Jumla miezi 13.

Keshia hahitaji mchawi kuielewa karatasi kama hiyo. Ile ni kalenda ya ada. Miezi ambayo watoto wako likizo, na ile ya mwisho wa mwaka ambayo wazazi wameshachoka kulipa, ndiyo miezi ambayo michango yetu haikwenda. Tulikuwa tunakatwa, lakini hela ilikuwa inaishia kwenye dizeli ya mabasi na unga wa bweni. Yangu tu, iliyotoka kwenye mshahara wangu, ni laki saba na themanini. Na nilikuwa nikiwakatia wazazi risiti kila siku, mimi mwenyewe risiti yangu sijawahi kuiulizia.

Nilirudi tena NSSF kuuliza nifanye nini. Wakaniambia mwajiri anatakiwa apeleke michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha, na kama hapeleki naweza kutoa taarifa, afisa matekelezo atafika shuleni kukagua. Niliogopa. Una mimba, unaenda likizo, halafu wewe ndiye uliyeleta wakaguzi? Nikasema nianze na mazungumzo.

Mkurugenzi wetu si mtu mbaya, nasema hivyo kwa kuwa namjua. Ni mzee wa heshima, akikukuta njiani na mzigo anasimamisha gari. Nikaingia ofisini kwake na zile karatasi mbili, nikaziweka mezani bila maneno mengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kuna nini tena?"

Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akaniambia Novemba shule haiingizi, inakula tu. Akaniambia hajamdhulumu mtu, ni madeni, na madeni hulipwa. Halafu akashusha sauti: "Wewe nitakulipia yako yote. Wenzako usiwaambie."

Nikasema sawa. Sitajifanya shujaa hapa, nilisema sawa upesi kabla hajabadilisha mawazo, nikamshukuru na kutoka.

Usiku mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na mzee wa basi?" Mzee wa basi ni dereva wetu mkubwa, alibakiza miaka miwili astaafu. Sikulala vizuri. Wiki hiyo hiyo nilimwambia achukue taarifa yake, nikawaambia na walimu wawili wa kike ambao najua walikuwa wanapanga kuzaa. Karatasi zote nne zilikuwa na matundu miezi ile ile.

Tukarudi kwa mkurugenzi wanne. Hakufurahi, na mimi aliniangalia jicho la "hivi ndivyo tulivyokubaliana?" Lakini aliyeongea ni mzee wa basi, na mzee wa basi hana papara. Alisema hatujaja kugombana, tunataka tarehe. Tukipata tarehe tunangoja, tusipopata tunakwenda kumwomba afisa matekelezo aje atusaidie kuzitafuta.

Tarehe niliitoa mimi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Ada kubwa inaingia Januari, wiki mbili za mwanzo. Mwisho wa Januari hela imeshagawanywa kwa wauza mahindi, maharage na sare. Nikamwambia mzee, tusisubiri mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe 17 Januari, kabla ya kitu kingine chochote, itoke michango ya Novemba na Desemba pamoja na miezi sita ya nyuma, ya wafanyakazi wote. Saba inayobaki aende akaandikiane na NSSF namna ya kulipa kwa awamu. Mhasibu aliguna. Mkurugenzi akaandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na mimi nikaipiga picha ile kalenda. Siombi radhi kwa hilo.

Septemba na Oktoba zilikwenda kwa wakati. Kwa hiyo mwaka uliisha nikiwa na michango 30, mimba ikiwa na miezi saba, na matarajio yangu ya kujifungua ni katikati ya Februari. Nilikuwa naifungua taarifa kila siku kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Katikati ya hapo mhasibu akaniletea jingine. Nilishatoa taarifa ya likizo Novemba, kwa maandishi, na cheti cha daktari, kwa sababu sheria inataka mwajiri ajulishwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Akaniambia, "Si utalipwa na NSSF? Basi mshahara wa likizo hatukupi." Hili limewanyamazisha wengi. Likizo ya uzazi yenye malipo, siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, imo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na anayewajibika ni mwajiri. Fao linatoka kwenye mfuko kwa sababu ya michango yako. Nilimwandikia barua fupi ya mistari mitano, nikataja sheria, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mshahara wa Februari uliingia kama kawaida, na hilo halikuzungumzwa tena.

Januari 17 ilikuwa Ijumaa. Saa tisa mchana mhasibu alipita dirishani kwangu, akaweka karatasi ya malipo ya benki bila kusema neno, akaondoka. Wiki iliyofuata nikaenda kuangalia. Ilisomeka miezi 38.

Likizo nilianza Jumatatu tarehe 10 Februari. Sheria ingeniruhusu kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, lakini nilitaka siku nyingi ziwe za kukaa na mtoto, sio za kukaa na tumbo. Mtoto wa kiume akaja Jumapili iliyofuata, kilo tatu na robo, anapiga kelele kama kondakta.

Makaratasi ya kudai niliyapeleka akiwa na wiki tano. Fomu iliyojazwa na mwajiri na kugongwa muhuri, kitambulisho cha NIDA, tangazo la kizazi la hospitali, nakala ya kadi ya kliniki, namba ya akaunti. Niliona nimekamilika. Dada wa kaunta akayapitia, akasimama kwenye kadi ya kliniki.

"Huyu ni nani?"

Nilikuwa mimi. Siku ya kwanza kliniki niliulizwa jina nikajibu tunavyojibu mtaani, jina langu na la mume. NIDA na NSSF wananijua kwa jina la baba yangu. Tangazo la kizazi lilinakiliwa kutoka kwenye kadi, kwa hiyo kwa makaratasi yale, mwanamke aliyechangia na mwanamke aliyezaa walikuwa watu wawili. Ikabidi niende kwa wakili kuapa kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, hati ya kiapo ikanigharimu elfu ishirini, na safari mbili za daladala na mtoto mchanga chini ya kitenge. Mama yangu alinung'unika njia nzima kwamba mtoto hajatimiza arobaini anazungushwa mjini. Kama una mimba sasa hivi na unasoma hapa, kaitazame kadi yako jioni hii.

Hela iliingia Aprili, ilikuwa alasiri, naanika nepi. Simu ikaita mlio wa meseji, nikaipuuza, nikidhani ni wale wa bahati nasibu. Ilikuwa milioni moja na laki sita na themanini elfu. Haifiki mishahara mitatu, kwa sababu siku 84 si miezi mitatu kamili, lakini kwa mtu aliyeambiwa kwenye benchi la kliniki tu, ilitosha kabisa. Laki nne nilimalizia deni la kikoba. Nikanunua tanki la maji, kwa kuwa kwetu maji ya bomba yana siku zake na mtoto hana siku zake. Iliyobaki niliitenga isiguswe, mishahara ya dada wa kunisaidia nyumbani miezi yote mpaka mtoto atakapokaa sawa.

Nilirudi kazini Jumatatu tarehe 5 Mei. Sheria inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kila siku wa kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na mimi nauchukua wote, lisaa limoja katikati ya asubuhi na lingine mchana. Nyumbani si mbali. Mzazi akinikosa dirishani anajua niko wapi.

Mwalimu mmoja kati ya wale wawili ana mimba sasa, na michango yake imevuka 36. Mzee wa basi anachapa taarifa yake kila mwisho wa mwezi na kuikunja kwenye mfuko wa shati. Miezi saba iliyobaki inalipwa kwa awamu, imebaki miwili, Novemba na Desemba 2021. Juzi nimemwambia mhasibu kwamba Januari inakuja, akanijibu kalamu nyekundu anayo.