Siku Niliyowapeleka Mvumi

Tulipoipita Ntyuka, ukingoni mwa mji wa Dodoma, dada wa masijala wa ofisini kwetu alipandisha kioo cha gari, akajifunga mtandio puani, akasema, "Kumbe kule mjini ndiko kwenye afadhali."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Oktoba 2017. Ugogo, nchi yetu Wagogo, mwezi huo hauna cha kujitetea nacho. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili. Nyasi zimekwisha, makorongo yamekauka, migunga imebaki miiba mitupu. Barabara ya Mvumi siku hizo haikuwa na lami, na mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga lililotumwagia vumbi mpaka dereva akawasha taa saa nne asubuhi. Nilikaa kiti cha mbele, nikaangalia nchi yangu kwa macho ya watu waliokaa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiogopea.

Safari ile niliitaka mwenyewe. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kweli, ahadi iliyokuwa imekaa tangu 1973, na ofisini kwetu Dar es Salaam habari zile zilipokelewa kama msiba. Watu walikuwa na nyumba, watoto shule, waume na wake wenye kazi zao. Nawaelewa. Lakini mimi nilifurahi, nikaificha furaha yangu kama mtu aliyeokota pesa matangani.

Miaka kumi na minne niliyokaa Dar, nikiulizwa kwetu ni wapi, nilizoea kujibu, "Kanda ya Kati." Ukisema Dodoma, tena ukasema Mgogo, anayekuuliza hucheka kwanza, kisha anakunyoshea kiganja, anakuuliza na wewe kona yako ni ipi, Posta au Kariakoo. Iliniuma kila mara. Iliniuma zaidi kwa sababu nilijua kwamba wale wazee na watoto waliokuwa wakikaa vivukoni wameshika makopo, wengine walikuwa wa kwetu kweli, na nilijua ni mwaka wa njaa gani uliowatoa.

Basi tulipohamia, mapema 2017, kila siku ya chakula cha mchana ilikuwa mashtaka. Maji ya chumvi, sufuria inaota ukoko mweupe. Ngozi inapasuka. Upepo unaanika nguo na kuzichafua kwa mkupuo mmoja. Mhasibu wetu, mtu wa Pangani, alikuwa akisema mji usio na maji ya kutazama haujamalizika kuumbwa. Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikawaambia hawajaiona Dodoma, wameona ofisi na vyumba vya kupanga. Waje nyumbani. Wakakubali wawili, dada wa masijala na huyo mhasibu.

Nilikuwa nimepanga vituo. Kabla ya kufika kijijini kuna mbuyu ambao tangu utotoni naujua kuwa ndio mkubwa kuliko yote, watu sita wakishikana mikono hawaumalizi. Nilimwambia dereva asimame. Ulikuwa umeanza kuchipua, majani mabichi madogo kama ya mche, na mvua ilikuwa bado wiki tano au sita. Jambo hili la mbuyu linanigusa mpaka leo. Nikawaeleza, nikawaonyesha makovu ya vigingi ambavyo babu zetu walipigilia wapande kufuata asali. Mhasibu aliuzunguka mti wote kimyakimya, akaupigapiga kama mtu anayepima ng'ombe.

Dada wa masijala hakushuka. Alisema kupitia dirishani, "Mzuri. Lakini hauna kivuli."

Na kweli haukuwa nacho.

Nyumbani mama alitupokea kwa "Mbukwenyi!" yake ya sauti ya juu, akawashika wageni mikono yote miwili. Alikuwa amepika ugali wa uwele, kuku, na mlenda, na pembeni ameweka wali kwa ajili ya atakayeshindwa. Dada alikula mlenda. Aliuvuta kwanza kwa wasiwasi, akanyamaza, akaongeza. Tulikula ndani ya tembe ya baba mdogo, siyo kwenye nyumba ya bati niliyomjengea mama, kwa sababu saa saba ya Oktoba nyumba ya bati haikaliki. Tembe ina dari ya udongo juu ya magogo, ukuta mnene, ndani giza na ubaridi. Mhasibu aliegemea ukuta, akasema angepata usingizi pale mpaka Jumatatu. Nikaona mambo yameanza kuninyookea.

Ndipo baba mdogo akauliza, "Hawa mmewaleta kuangalia nini?"

Nikamjibu kabla wao hawajajibu. "Wamekuja kuona uzuri wa kwetu, baba. Huko mjini wanasema tunakaa jangwani."

Alinitazama kwa muda. Kisha akavaa malapa yake, akachukua fimbo, akawaambia wageni, "Twendeni, basi, mkauone."

Hakuwapeleka kwenye majabali kama nilivyotaka, wala shamba la zabibu la jirani. Aliwapeleka korongoni. Ni ufa mkubwa nyuma ya mashamba yetu, kina chake kinafika juu ya kichwa cha mtu mrefu, na mizizi ya miti inaning'inia kingoni. Akawaambia alipokuwa mvulana walikuwa wanauruka. Wakati ule nchi yote hii ilikuwa na ng'ombe wengi na miti michache, na kila mvua ya Januari ilikuwa inaondoka na udongo. Mwaka 1986 ikatoka amri mifugo yote iondoke tarafa ya Mvumi, ardhi ipumzike. Ng'ombe wake ishirini na sita aliwaswaga kwenda kwa shemeji yake mbali huko, na hakurudi na hata mmoja. Ardhi ilipona kiasi, alisema, na hilo hakulikataa, alionyesha kwa fimbo yake vichaka vilivyorudi. "Lakini mimi sikupona. Mgogo bila ng'ombe utamwitaje?"

Kutoka pale tukateremka mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mweupe, mpana, ambao mimi tangu shuleni nausifia kwa watu, hasa usiku wa mbalamwezi. Mchana ule walikuwapo wasichana watatu na bibi mmoja. Walikuwa wamefukua mchanga mpaka mmoja wao akazama kiunoni, anachota kwa kikombe cha plastiki, anajaza ndoo, anasubiri maji yachuruzike tena, anachota. Mama mwenye bomba la kijiji alikuwa amefunga, mashine ilikuwa mbovu wiki ya pili. Dada wa masijala alisimama akaangalia kikombe kile kikishuka na kupanda. Alihesabu. Najua alihesabu kwa sababu niliiona midomo yake ikichezacheza.

Baba mdogo akasema, wala hakuwa ananisema kwa ukali, "Binti yetu huyu huja Krismasi. Desemba mbegu zimeota, kijani kila mahali, vyura wanaimba, anapiga picha. Ni kweli anachokiona. Lakini Oktoba hajaja tangu aolewe."

Sikuwa na la kumjibu. Nilihesabu miaka kimoyomoyo na ilikuwa kumi na mmoja.

Tuliporudi nyumbani mama akawa ameshasikia, na mama hakubali maneno ya shemeji yake yapite hivi hivi. Mwaka 2011 nilimchukua Dar kwa matibabu ya macho, akakaa kwangu miezi mitatu. Akawaambia wageni kwamba ile miezi ndiyo mirefu kuliko yote aliyoishi. Usiku jasho. Mchana mlango umefungwa, hujui nani amepita, nani amefiwa. "Madaktari wamenirudishia macho, na kule hakuna cha kuangalia. Jua sikuliona likizama hata siku moja. Linaingia nyuma ya ghorofa, kwisha."

"Jua likizama vizuri linajaza kihenge?" baba mdogo akauliza.

"Kwani Dar ulikuta nina kihenge?"

Wakaendelea hivyo, na nikatambua kwamba ubishi ule si wa siku ile, wameuzoea, kila mmoja anajua mwenzake atakapopitia. Baba mdogo akarudi nyuma mpaka Mtunya, njaa kubwa ya wakati wa vita vya kwanza, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopita yakibeba nafaka, ng'ombe na vijana wa upagazi, kisha mvua nayo ikakataa. Bibi yake alisalimika kwa ubuyu na mizizi. Ndugu zake wengine hawakusalimika. Mama akasema sawa, na huo ubuyu uliota wapi, Pangani?

Mhasibu wa Pangani alicheka mpaka akajishika mbavu. Dada wa masijala hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, na alipoanza kusema alisema na baba mdogo peke yake, kama sisi hatupo.

Alisema kwao ni Lushoto. Kila anayefika anasema ameona pepo. Ukungu asubuhi, mito inayoteremka kwenye mawe, plamu, peasi, kabichi kubwa kama ngoma. Wajerumani waliipenda hata wakaibandika jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Ofisini, mtu akimuuliza kwao, hajawahi kuona haya kujibu. "Lakini baba, tumezaliwa tisa, na shamba la marehemu baba ni matuta manne ya mlimani. Ukigawa, kila mtu anapata mahali pa kusimama. Kaka zangu wote wako Dar, wanauza mitumba. Mvua ikizidi, tunalala tunasikiliza mlima. Sijawahi kumwambia mtu haya. Watu wanasema una bahati, kwenu pazuri, unaitikia."

Baba mdogo akamuuliza, "Matuta manne?"

"Manne."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, mtu aliyetoka kutuonyesha korongo lake, akamwambia pole.

Miezi yote ile nilimhesabu dada yule kuwa ndiye adui mkubwa wa kwetu. Nilidhani anaidharau Dodoma kwa kiburi cha kijani chao. Kumbe kila alipolalamikia vumbi, alikuwa mtu aliyechoka kuitikia.

Jua lilipoanza kupungua nguvu, mhasibu akafanya lililofanywa na karibu kila mtumishi mwaka ule. Viwanja mjini vilikuwa vinapanda kila wiki, na watu walianza kutazama vijijini. Alisafisha koo, akasema kwa adabu zote za pwani, "Mzee, kwa vile mwenyewe umetueleza ugumu wa mahali hapa, ukipata mteja wa ekari mbili tatu pale upande wa mbuyu, utamwambia bei gani?"

Mama aliacha kupepeta karanga.

Baba mdogo hakukasirika mara moja. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa lugha nyingine. Akaangalia upande wa mbuyu, akamwangalia mhasibu, akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule mgeni kuuliza.

"Nimesema pagumu," akasema. "Pa kuuza nimesema saa ngapi?"

Akachukua fimbo yake akatoka. Mhasibu akaomba radhi kwa mama mara mbili, mama akamwambia aache, hajui. Nilimfuata baba mdogo nje. Nilimkuta nyuma ya tembe, anaokota mawe madogo kwenye kiambaza kilichobomoka, anayapanga mahali pamoja. Nilitaka kumwambia nitakuja Oktoba. Nikaona nikisema pale litakuwa neno la kujisafisha tu, nikainama, nikaokota mawe naye mpaka dereva alipopiga honi. Mwaka uliofuata nilikwenda, na mwingine baada ya huo, siku saba saba, na nilichota maji kwa kikombe. Jambo hilo sikulitangaza ofisini.

Tuliondoka na mzigo: kuku wawili, karanga debe moja, na mfuko wa mlenda mkavu ambao mama alimpa dada wa masijala mkononi mwake. Njiani jua lilizama upande wetu wa kushoto, jekundu, kubwa, limekatwa na matawi ya mibuyu. Siku nyingine yoyote ningewaambia waangalie. Nilinyamaza. Sijui kama waliliona, mhasibu alikuwa amelala.

Karibu na Ntyuka mtandao ukarudi na simu ya dada ikalia. Alikuwa mume wake, Dar. Nilimsikia kwa upande mmoja tu.

"Tumerudi, ndiyo. Maji wanachimba mchangani, baba Nani, kwa kikombe. Kwa kikombe, nakwambia... Hapana, si jangwa. Hapana bwana, si jangwa, nani kakwambia... Upepo wake mzuri, jioni unapoa... Mimi? Kuishi kule, hapana. Siwezi... Pazuri, ndiyo. Ndiyo, nimesema pazuri."

Akakata. Kioo chake kilikuwa wazi, vumbi linaingia. Tukaenda kidogo, kisha akanigusa bega, akauliza huu mlenda mkavu unalowekwa kwanza au unapikwa hivyo hivyo. Nikamwambia hauloweki. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo kwenye ncha ya kisu, unaunyunyiza taratibu huku unakoroga, na usifunike.