Siku ya pantoni

Nilichagua Kigamboni kwa sababu ya kelele za pantoni. Mtu niliyempenda, niliyekuwa natoka naye siku hiyo, alipendekeza hoteli tulivu mjini, nikakataa. Kwenye utulivu ule tumbo langu lingesikika hadi meza ya tatu.

Ilikuwa miezi minane tangu nipasuliwe. Utumbo mpana ulijisokota, sehemu yake ikafa, madaktari wakaikata na kuutoa mwisho wa utumbo nje, upande wa kushoto wa tumbo. Tangu hapo choo kinatokea pale na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa ngozini. Wauguzi wanapaita stoma: nyama nyekundu yenye unyevu kama ndani ya mdomo, na ukiigusa haiumi. Ila haina msuli wa kubana. Hewa ikitaka kutoka inatoka, hata ukiwa umekaa mbele ya mtu unayempenda.

Hiyo hewa ilinitesa kuliko kovu. Siku mbili nzima sikugusa maharage wala kabichi. Asubuhi ile nilibandika mfuko mpya, nikapapasa kingo zake kwa kidole mpaka zikashika, nikavaa dera. Mkobani nilitia mfuko wa akiba, vitambaa na chupa ya maji. Dada akanishika bega mlangoni. "Mdogo wangu, mwambie mapema. Usingoje aje agundue mwenyewe."

Tulipanda pale Magogoni, tukabanwa ukingoni kati ya baiskeli na matenga ya nyanya. Injini ikanguruma. Nikahisi mfuko unavimba. Nilikuwa nimefundishwa kuumwaga ukijaa theluthi. Nikaupapasa juu ya nguo, nikajua ni hewa tu.

"Mbona umeshika tumbo? Unaumwa?"

"Siumwi. Nilipasuliwa. Choo changu kinatokea hapa ubavuni, kinaingia kwenye mfuko. Ninao sasa hivi."

Maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima yalianza na "samahani". Pale kwenye pantoni neno hilo halikutoka, na mpaka leo nashukuru halikutoka. Nilikuwa nimeugua, nikapona. Sikuwa nimemkosea mtu.

Alinyamaza muda mrefu, akitazama maji. Watu walishaanza kusogea kushuka ndipo akauliza, "Nikikukumbatia, nitakuumiza?"

"Hapana."

Hakunikumbatia, palikuwa na watu wengi mno. Alihamia upande wangu wa kushoto, tukashuka hivyo, yeye akiwa kati yangu na msukumano. (Hatukuja kuoana, lakini sababu haikuwa mfuko.)

Ufukweni tuliagiza samaki wa kukaanga. Kabla hawajaja nilimwambia nakwenda kuumwaga mfuko, nikaenda chooni, nikarudi. Upepo ulikuwa umetulia. Tumbo likalia, kwa sauti, na wasichana wa meza ya jirani wakageuka. Kwa miezi minane nilikuwa nikikohoa ili kuificha sauti ile.

Sikukohoa. Nikamwomba anisogezee ndimu.