Chui wa Baba yuko bandani

Huu ni mwezi wa tatu tangu nirudi Mbagala baada ya miaka 15 ya Munich. Foleni nilishaambiwa, joto nalikumbuka. Kilichonivuruga kilianza siku ya pili tu, shemeji aliponiuliza mbele ya wageni: "Kwani huko ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

Nikasema makumbusho.

"Stendi?"

Watu wa Dar mmeshaelewa. Naondoka, daladala za upande ule ziliishia Mwenge, na Makumbusho ilikuwa kile kijiji cha nyumba za asili tulichopelekwa na shule, tukala mihogo, tukarudi. Sasa Makumbusho ni stendi. Ukisema umefanya kazi makumbusho miaka 10, wanakuona mpiga debe. Nikakimbilia neno la wataalamu, mhifadhi, nikaharibu kabisa. Mama mdogo akauliza kama Ujerumani nako kuna tembo. Mhifadhi hapa ni mtu wa mbugani, ana magwanda na bunduki.

Nikaona niwape mfano wa mtu. Nikamtaja Okwui Enwezor, mpangaji mkubwa wa maonyesho ya sanaa.

Mnigeria, kazaliwa Calabar mwaka 1963, kaenda Marekani 1982, kasomea siasa wala si sanaa. Alikuwa mwandishi wa mashairi. Alipoona majumba makubwa ya sanaa ya New York yanazungumzia sanaa ya leo kana kwamba Afrika haimo, mwaka 1994 akaanzisha na wenzake jarida la sanaa ya Kiafrika, Nka. Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa walioandaa maonyesho ya wapiga picha wa Kiafrika ndani ya Guggenheim, makumbusho ya sanaa ya New York hiyohiyo. Mwaka 1997 akaongoza Bienale ya Johannesburg, yaani yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili. Mwaka 2002 akaongoza Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya mji wa Kassel, Ujerumani, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile, na kabla ya kufungua milango Kassel alishaipeleka mijadala Vienna, New Delhi, Saint Lucia na Lagos. Yaani Wajerumani wanalipa, halafu mazungumzo yanafanyika Lagos! Mimi hapo ndipo ninapompendea.

Mwaka 2011 akawa mkurugenzi wa Haus der Kunst, jumba la maonyesho ya sanaa, Munich kwetu. Jengo lile lilijengwa na Wanazi, na Hitler mwenyewe alikuwepo kulifungua mwaka 1937, liwe nyumba ya sanaa ya Kijerumani tupu. Baada ya miaka 74 ofisi ya mkubwa anaingia mtu wa Calabar na suti yake iliyonyooka. Nilikuwa kwenye makumbusho moja ndogo nje ya mji, nafungua makasha na kutundika picha, lakini siku za mapumziko nilikuwa napita pale kutazama tu anavyopanga kuta. Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuamua kipi kikae jirani na kipi, nani aingie ndani, na ukuta gani uachwe mtupu. Mwaka 2015 akaongoza Bienale ya Venice, hapo pia Mwafrika wa kwanza. Ndiyo mwaka ambao El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha Nsukka miaka na miaka, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Bienale hiyo kwa kazi ya maisha yake yote.

Shemeji akaniuliza: "Na wewe ulifika cheo gani?"

Nikanyamaza. Niliishia kuwa msaidizi. Nilijua joto la ghala linatakiwa kuwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 50, nikajua kufunga kasha lisitikisike hadi Lisbon. Basi.

Sasa sikieni kilichonipiga zaidi. Sebuleni kwetu, juu ya redio, kulikuwa na picha ya kuchorwa, ya mtindo wa tingatinga. Chui, mgongo mwekundu wenye madoa, jicho moja kubwa kuliko jingine, kwenye kipande cha silingibodi cha futi mbili kwa mbili. Baba alilinunua pale Morogoro Stores kwa vijana walioendeleza kazi baada ya Edward Saidi Tingatinga kupigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972. Mimi sanaa niliianzia kwa chui yule, nikiwa nimelala kwenye mkeka na malaria. Huko Munich nikiambiwa nieleze kwa nini niko kwenye fani hii, nilikuwa namweleza yeye.

Nimerudi, juu ya redio kuna runinga ya inchi 55. Niliituma mimi.

"Mama, chui yuko wapi?"

"Nani?"

"Picha ya Baba."

"Aah, lile bodi. Lipo kwa kuku."

Nilikwenda uani bila viatu. Limepigiliwa misumari minne kwenye upande wa mvua, picha imetazama ndani. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, ni ngumu jamani. Madoa yapo. Kona ya chini imevimba na kumong'onyoka, na jicho kubwa limedonolewa likabaki tundu. Asilimia 50 ya unyevu! Nilicheka peke yangu mle bandani, kisha sikucheka.

Jioni nikamweleza Mama kwa upole. Nikamwambia Mtanzania mwenzetu, Sam Ntiro wa Machame, picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka mbege kwa bibi harusi imehifadhiwa New York. Nikamwonyesha kwenye simu kazi za Anatsui, vizibo vya chupa za pombe kali vimeshonwa kwa waya wa shaba vikawa kama kitenge cha jitu, vimening'inia Haus der Kunst Machi 2019. Yalikuwa maonyesho ya mwisho ya Enwezor kufunguliwa akiwa hai. Yalifunguliwa tarehe 8, yeye akafa kwa saratani tarehe 15, na umri wake miaka 55.

Mama alitazama simu muda mrefu, akamwombea marehemu. Kisha akasema: "Kwa hiyo mwenzenu akitundika vizibo kwenye jumba la wafalme ni msomi. Mimi nikitundika picha bandani, kosa."

Nimefanya kazi na madaktari wa falsafa, na hakuna aliyewahi kunifunga mdomo hivyo.

Mlioko huko mnaofunga makontena, niwaambie. Makatalogi, vile vitabu vya maonyesho, acheni. Yangu kreti 11 nimelipia ushuru, mbili sasa zimeinua friji maji yasifike. Cheo chenu kitafutieni jina la Kiswahili kabla hamjapanda ndege, mkikosa semeni mnafanya biashara. Pale Nafasi, kituo cha sanaa cha Mikocheni, ukisema kyureta, yaani mpangaji wa maonyesho, wanakuelewa, lakini shemeji yako haishi Mikocheni. Na ukituma fedha ya runinga, uliza inakwenda kukaa mahali pa nini.

Jumamosi nimenunua bati nikaziba upande wa mvua, nikamng'oa chui, nikamfuta kwa pamba yenye maji kidogo sana, nimemviringishia kanga, yuko juu ya kabati. Mama alisimama mlangoni akinitazama nikimaliza msumari wa mwisho.

"Haya, baba. Sasa hao kuku watakuwa wanatazama nini?"